Kitunguu saumu kwenye bustani ya nyumbani: kwa nini kipandwe kabla ya baridi

Swali: Nina kibustani kidogo nyuma ya nyumba, mahali ambapo wakati wa baridi udongo huganda. Majira ya kuchipua yaliyopita nilipanda punje za kitunguu saumu nilizokuwa nimenunua kwa matumizi ya jikoni. Zilichipua vizuri, lakini nilipong'oa nilikuta kila mche una kitunguu kimoja kidogo cha mviringo, kisichogawanyika punje. Jirani ananiambia nilikosea msimu, nilipaswa kupanda majani ya miti yanapopukutika, kabla ya baridi. Naogopa punje zitaganda au kuoza ardhini. Je, jirani ana haki? Na kama anayo, nipande lini na kwa namna gani?

Jibu: Jirani yako amesema kweli, na hicho ulichong'oa ndicho ushahidi wake. Kitunguu cha mviringo kisicho na punje hakitokani na ugonjwa wala udongo kuchoka. Ni mche uliokua bila kupata baridi ya kutosha. Ndani ya kila punje kuna kichipukizi kimoja, na mche utokanao nacho hauwezi kutengeneza punje nyingi mpaka ukae kwenye ubaridi wa kati ya nyuzijoto 0 na 10 kwa muda. Aina nyingi huhitaji kama wiki 4 hadi 8. Ikishapita baridi hiyo, joto na mchana mrefu vikija, mche huanza kujaza kitunguu chenye punje ndani yake. Ule uliokosa baridi nao huona mchana unarefuka, nao hujaza, ila hauna cha kugawa. Hunenepesha punje moja basi.

Usivitupe vitunguu hivyo. Vinalika kama vingine vyovyote, na vile vikubwa ukivihifadhi pakavu ukavipanda msimu huu kama unavyopanda punje, mwakani vitakupa vitunguu kamili vilivyogawanyika. Mara nyingi hutoa vitunguu vikubwa kwa sababu kila kimoja kinaanza na akiba kubwa ya chakula.

Lakini baridi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni majani, na hapa ndipo wakulima wengi wa bustani za nyumbani wanapopoteza mavuno bila kujua. Kitunguu saumu hakingoji mpaka mche uwe mkubwa ndipo kianze kujaza. Kinaanza pale mchana unapozidi urefu fulani na udongo kupata joto. Siku hiyo ikifika, mche wenye majani manne na mche wenye majani tisa huanza kazi pamoja. Tangu hapo majani mapya karibu hayaongezeki tena, na chakula chote cha kujazia kitunguu kinatoka kwenye majani yaliyopo. Mche mdogo utatoa kitunguu kidogo hata ukiumwagilia na kuuwekea mbolea namna gani, kwa kuwa muda wake wa kukua umekwisha.

Anayepanda majira ya kuchipua anaupa mche wiki chache tu za kutoa mizizi na majani kabla ya siku hiyo. Anayepanda kabla ya baridi anaupa mizizi iliyokwisha kutandaa ardhini, hivyo theluji ikiyeyuka tu, majani yanapanda wakati udongo bado ni baridi na magugu mengi bado yamelala. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kinalenga jambo hilo moja: mche ufike kwenye mchana mrefu ukiwa na majani mengi na mapana.

Sasa hofu yako ya kuganda. Punje iliyopandwa vizuri inastahimili udongo ulioganda. Huko ndiko asili yake, kwani jamaa zake wa mwituni wanatoka Asia ya Kati, kwenye milima yenye baridi kali na kiangazi kikavu. Kinachoua punje wakati wa baridi ni maji. Udongo unaotuamisha maji huinyima mizizi hewa, punje inalainika kuanzia kitakoni, na unapoichimbua majira ya kuchipua unakuta ganda tupu lenye uji unaonuka. Hatari ya pili ni udongo unaoganda na kuyeyuka mara kwa mara. Kila unapoganda huvimba, na punje isiyo na mizizi ya kuishikilia husukumwa juu mpaka inatokeza. Dawa ya hatari ya kwanza ni tuta lililoinuka. Dawa ya pili ni kupanda kwa wakati na kuweka matandazo.

Kupanda kwa wakati maana yake ni hii: punje ipate mizizi mingi na majani machache, au isiwe na jani kabisa, kabla ardhi haijaganda. Kwa kawaida hiyo ni wiki 4 hadi 6 kabla ya udongo kuganda moja kwa moja, au wiki mbili tatu baada ya jalidi ya kwanza. Kama una kipimajoto cha udongo, subiri mpaka udongo ulio kwenye kina cha kupandia ushuke hadi karibu nyuzijoto 10. Kwa walio kaskazini mwa ikweta wenye majira ya baridi, siku hizo huangukia kati ya mwisho wa Septemba na Novemba, kutegemea baridi yao inawahi au inachelewa. Kusini mwa ikweta ni kati ya mwisho wa Machi na Mei. Ukiwahi mno, majani yatarefuka kabla ya baridi, nayo baridi itayachoma, na mche utakuwa umetumia akiba yake bure. Ukichelewa mno, punje italala bila mizizi. Kati ya makosa hayo mawili, kuchelewa wiki moja au mbili kuna unafuu kuliko kuwahi mwezi mzima. Na ukiona ncha za kijani zimetokeza kidogo kabla ya theluji, usihangaike. Hata zikiungua, kichipukizi kiko chini salama na kitasukuma jani jingine.

Msomaji asiye na majira ya baridi anaweza kuiga baridi hiyo kwa friji: vitunguu vizima, visivyomenywa wala kutenganishwa punje, vikae ndani ya mfuko wa karatasi kwa wiki 6 hadi 8, kisha vitenganishwe na kupandwa mara vinapotolewa, katika kipindi cha mwaka chenye ubaridi zaidi. Kwako wewe hakuna haja hiyo, ardhi yako itafanya kazi yenyewe. Na usiweke mbegu kwenye friji miezi na miezi ukidhani unaihifadhi. Mbegu iliyokaa kwenye ubaridi kupita kiasi hutoa vitunguu vyenye umbo baya na vichipukizi vinavyotokeza ubavuni.

Kuhusu mbegu, nitakuwa mkali kidogo. Vitunguu vya jikoni vinaweza kuota, kama ulivyoona, lakini hujui ni vya aina gani wala vimetoka kwenye hali ya hewa ipi, na baadhi hutiwa dawa au kupigwa mionzi ili visichipue vikiwa ghalani. Lililo kubwa zaidi ni magonjwa. Karibu vitunguu saumu vyote vinavyolimwa huzaliwa kwa punje, si kwa mbegu za ua, kwa hiyo virusi, ukungu na minyoo ya shina husafiri na punje kutoka bustani moja hadi nyingine. Kuna ugonjwa mmoja, uozo mweupe, ambao vijipunje vyake vyeusi hukaa udongoni zaidi ya miaka 20 vikingoja mmea wa jamii ya vitunguu. Kwa kibustani kidogo kama chako, huko ni kupoteza ardhi yako kwa jamii nzima ya vitunguu. Nunua mara moja kwa muuza mbegu anayeaminika, kisha ujitunzie mbegu yako mwenyewe miaka inayofuata. Punje zilizozoea ardhi yako zinazidi kufaa kadiri unavyochagua zilizo bora.

Utakapochagua utakutana na makundi mawili. Aina zenye shingo ngumu hutoa shina la ua katikati, zina punje chache kubwa, mara nyingi kati ya 4 na 12, zilizopangwa kulizunguka shina hilo, zinamenyeka kirahisi, na ndizo zinazostahimili baridi kali zaidi. Kasoro yake ni kwamba hazidumu sana ghalani. Tarajia miezi minne hadi sita. Aina zenye shingo laini kwa kawaida hazitoi shina la ua, punje zake ni nyingi na ndogondogo kwa tabaka, na zikikaushwa vizuri hudumu miezi minane hata zaidi. Kwa mahali ambapo ardhi inaganda ningeanza na shingo ngumu, na kando nipande safu moja ya shingo laini kwa ajili ya kuliwa mwishoni mwa mwaka. Ukikuta kitunguu saumu kikubwa ajabu, kila punje ukubwa wa yai dogo, jua kwamba kibotania ni ndugu wa karibu zaidi wa liki, ile mboga ya jamii ya vitunguu yenye shina jeupe refu. Hupandwa vivyo hivyo lakini ladha yake ni ya upole.

Udongo uwe tifutifu, unaopitisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 6 na 7, mahali penye jua saa 6 au zaidi kwa siku. Mahali hapo pasiwe pamepandwa kitunguu cha aina yoyote wala liki kwa miaka mitatu au minne iliyopita. Hii ina maana kwamba pale ulipopanda safari iliyopita upaache upumzike. Lainisha udongo mpaka sentimita 20 hivi, changanya mboji iliyoiva ya unene wa sentimita 3 hadi 5, kisha inua tuta la sentimita 15 au zaidi kama udongo wako ni mfinyanzi. Samadi mbichi usiitie. Inaunguza mizizi, inaleta mbegu za magugu, na si salama kwa zao linalokaa ndani ya udongo. Mbolea nyingi ya naitrojeni wakati huu nayo haina kazi. Punje ina chakula chake, mche haukui, na mvua na theluji zitaisomba kabla haijatumika.

Siku ya kupanda, au siku moja kabla, ndipo utenganishe punje. Punje zilizotenganishwa mapema hukauka kitakoni na kupata michubuko inayokaribisha ukungu. Shika kitunguu, bonyeza shingo kwa vidole gumba vyote viwili mpaka ganda la nje lipasuke, halafu zivute punje moja moja bila kuzibandua kitako. Itazame punje moja kwa karibu. Upande wa chini utaona kidoa bapa, kigumu kidogo, cha rangi ya kahawia. Hicho ndicho kitako, na ukiangalia vizuri kwenye punje iliyo tayari utaona vinundu vidogo vya mizizi vimeanza kuvimba pembeni mwake. Punje iliyopoteza kitako haitatoa mizizi, ipeleke jikoni. Pia ipeleke jikoni iliyo na doa la kahawia linalozama ukiligusa, iliyo na ukungu wa buluu, na nyepesi inayobonyea. Ganda la punje liache. Usimenye.

Hapa ndipo pa kuwa na moyo mgumu: panda punje kubwa na ule ndogo. Watu wengi hufanya kinyume, wanakula zile nzuri na kupanda masalio, kisha wanashangaa vitunguu vyao vinapungua ukubwa mwaka hadi mwaka. Punje kubwa ina akiba kubwa, hivyo inatoa mizizi mingi na majani mapana tangu mwanzo, na tumekwisha kuona majani yana maana gani. Zile punje nyembamba za katikati kwenye shingo laini hazistahili nafasi ya tuta.

Panga safu zenye umbali wa sentimita 20 hadi 30, na punje kwa punje sentimita 10 hadi 15. Kwenye tuta dogo unaweza kupanda kwa sentimita 15 kila upande bila safu, mradi mkono wako ufike katikati kwa kupalilia. Toboa shimo kwa kijiti au kwa kidole, weka punje kitako chini na ncha juu, kisha fukia ili juu ya ncha pawe na udongo wa sentimita 5. Mahali pa baridi kali kama kwako fikia 7 hata 8. Ukiipanda kichwa chini itaota, lakini shina litalazimika kujipinda kutafuta jua na kitunguu kitatoka kimepinda shingo. Usiisukumize punje kwa nguvu kwenye udongo mgumu, kitako kitachubuka. Ukimaliza, mwagilia mara moja mpaka maji yafike chini ya punje, isipokuwa kama mvua inanyesha.

Kuna watu huloweka punje kwenye magadi, mwani au dawa fulani usiku kucha kabla ya kupanda. Sioni haja kwa mbegu safi, na mbegu yenye ugonjwa haiponi kwa kulowekwa hivyo.

Matandazo yawekwe ardhi ikishapoa, unene wa sentimita 10 hadi 15: mabua makavu ya nafaka, au majani makavu ya miti yaliyokatwakatwa. Majani mapana yasiyokatwa hulala kama mkeka yakilowa na kuzuia vichipukizi kupita. Kazi ya matandazo si kuipasha ardhi joto, bali kuzuia isibadilike ghafla, iwe inaganda polepole na kuyeyuka polepole, ili punje isisukumwe juu. Baada ya hapo hakuna cha kufanya mpaka baridi iishe. Ukipanda kwenye chungu, kiwe na kina cha sentimita 25 hivi, na kumbuka chungu huganda kutoka pande zote. Kisogeze kwenye ukuta uliojikinga na upepo au ukifukie kwa majani.

Theluji ikiondoka, vichipukizi vitatokeza mapema kuliko karibu kitu kingine chochote bustanini. Kama mahali pako pana unyevunyevu sana, sogeza matandazo pembeni ili udongo upate joto na kukauka juu, uyarudishe baadaye kuzuia magugu. Ncha za majani ya kwanza zikiwa na umanjano kidogo, hiyo ni baridi tu. Umanjano unaoanzia majani ya chini na kupanda, mche ukiwa umepauka wote, ndio dalili ya njaa ya naitrojeni.

Wakati wa kulisha ni huu. Majani yakifika sentimita 15 hivi, nyunyiza mbolea yenye naitrojeni kando ya safu, iwe samadi ya kuku iliyoiva vizuri au mbolea ya dukani kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko, kisha mwagilia. Rudia mara moja tu, baada ya wiki tatu au nne. Kisha acha kabisa. Mbolea ya naitrojeni ikiwekwa wakati kitunguu kimeanza kujaza huchelewesha kukomaa, na mara nyingine huzifanya punje mpya zichipue zikiwa bado ndani ya kitunguu, ukaona mche umetoa vishada vya majani membamba ubavuni. Ukitaka kujua mmefika wapi, fukua udongo kwa kidole kando ya mche mmoja. Shina likiwa limenyooka tu, bado ni wakati wa majani. Likiwa limeanza kuvimba chini, mfuko wa mbolea ufungwe.

Magugu ndiyo adui mkubwa wa zao hili, kuliko wadudu. Majani ya kitunguu saumu ni membamba na yamesimama wima, hayafuniki ardhi, kwa hiyo gugu lolote linapata jua lote linalotaka. Palilia mapema, kwa mkono au kwa jembe dogo lisilozama, kwa sababu mizizi iko juujuu. Maji yawe kama sentimita 2.5 kwa wiki pamoja na mvua, na usiruhusu udongo ukauke kabisa wakati kitunguu kinajaza. Wiki mbili kabla ya kuvuna, acha kumwagilia. Maji ya mwishoni huozesha maganda na kuacha madoa meusi, na kitunguu chenye ganda bovu hakikai.

Kama umepanda shingo ngumu, mwanzoni mwa kiangazi kila mche utatoa shina la ua la mviringo, gumu, lenye kifuko chembamba kwenye ncha. Litapanda, kisha litajikunja kama mkia wa nguruwe. Likifanya duara moja, livunje au likate pale linapotokea kwenye jani la juu. Ukiliacha, litatumia chakula kutengeneza vijipunje vidogo juu kwenye ua, na kitunguu cha chini kitapungua ukubwa. Mashina hayo ni mboga nzuri yakiwa bado laini. Acha mawili matatu kama unataka vijipunje vya kupanda: havibebi minyoo wala ukungu wa udongoni kirahisi, ingawa itakuchukua miaka miwili mitatu ya kuvipanda na kuvipanda tena mpaka upate kitunguu cha kawaida.

Magonjwa nitayataja mawili. Kutu ni vidoa vya rangi ya machungwa kwenye majani wakati wa unyevunyevu; ikija mwishoni, wiki chache kabla ya mavuno, hasara yake ni ndogo, endelea tu na usimwagilie majani. Ule uozo mweupe niliousema awali unaonekana hivi: mche unakuwa wa manjano ghafla kuanzia majani ya chini, unaung'oa bila nguvu yoyote, na kitakoni unakuta utando mweupe wenye vijidoa vyeusi vidogo sana na vigumu. Chimbua mche pamoja na udongo unaouzunguka, utie kwenye mfuko na uutupe na taka, usiutie kwenye mboji. Mahali hapo sahau kupanda jamii ya vitunguu.

Kuvuna kunataka jicho. Ukisubiri majani yote yakauke, utakuwa umechelewa. Kila jani lina ala inayoshuka mpaka chini na kukizunguka kitunguu. Ala hiyo ndiyo ganda lake. Jani likifa, ganda lake nalo linaanza kuoza udongoni. Kwa hiyo majani ya chini matatu au manne yakishakauka, na ya juu matano au sita yakiwa bado na ukijani, chimbua mche mmoja na ukate kitunguu katikati kwa upana. Punje zikiwa zimejaza mpaka zinabana maganda, na mstari kati ya punje na punje unaonekana wazi, vuna siku kavu inayofuata. Zikiwa bado zimeshikana na ganda ni nene na bichi, vipe vitunguu wiki nyingine. Ukikuta maganda yamepasuka na punje zinaachana, vuna leo hii.

Usivute kwa majani tu, shingo itakatika. Ingiza uma wa bustani sentimita kadhaa kando ya safu, inua udongo, kisha vuta. Kitunguu saumu kibichi kinachubuka kirahisi kuliko kinavyoonekana, kwa hiyo usikigongegonge kuondoa udongo na wala usikioshe. Vianike pamoja na majani na mizizi yake, kivulini, penye hewa inayopita, kwa wiki tatu hadi nne. Jua kali la mchana huviunguza. Vimekauka pale shingo inapokuwa ngumu na haina unyevu ukiikata, na ganda la nje linatoa sauti ya karatasi. Hapo kata mizizi, kata shina ukiacha sentimita 2 au 3, au sukia shingo laini kwa majani yake.

Hifadhi kwenye wavu au kikapu, pakavu, penye giza na hewa, kwa nyuzijoto kati ya 13 na 18. Friji ya jikoni haifai kwa hifadhi ya muda mrefu, kwa kuwa ubaridi wake ndio uleule unaokiambia kitunguu kwamba majira ya baridi yamepita na kichipue. Vyenye michubuko au maganda yaliyopasuka viliwe kwanza. Kabla hujaanza kula, chagua vile vikubwa, vizima, visivyo na doa, uvitenge vya mbegu ya msimu ujao. Kadiria kwa kuhesabu punje: ukitaka vitunguu 60 na aina yako ina punje 6 zinazofaa kwa kila kitunguu, tenga 10, na uongeze viwili vya akiba kwa zile punje utakazozikataa siku ya kupanda.